Baada ya "marahaba", mzee wa filamu zetu anasema nini?

#1 Mkasi_wa_Mhariri

Wadau, salaam. Uzi huu nimeuandika kwa ajili ya wanaoandika muswada, wanaopiga picha, wanaopamba na wanaohariri. Mada ni jinsi tunavyowaonyesha wazee kwenye filamu za Kiswahili, na picha hiyo inamfanya nini anayetazama.

Nianze na kipimo ambacho mtu anaweza kukifanya leo usiku akiwa na daftari na saa ya simu. Chukua filamu yoyote. Kila kijana anapomwambia mzee "shikamoo", washa saa. Mzee ataitikia "marahaba". Kuanzia hapo andika amesema sentensi ngapi kabla hajakatwa. Kisha angalia ngapi zinamhusu yeye mwenyewe, yaani kazi yake, pesa yake, rafiki yake, anachokitaka, na ngapi zinamhusu kijana tu. Mwisho jiulize: kuna jambo lolote kwenye kisa limegeuka kwa sababu ya alichosema? Ongeza na hili: ana jina, au kwenye majina ya mwisho kaandikwa "Bibi" basi?

Kosa la kwanza linalowapata wanaohesabu ni kutoamua mapema mzee ni nani. Tumia miaka 60, ndiyo inayotumika kwenye Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 hapa Tanzania na kwenye Katiba ya Kenya. Kama muswada hautaji umri, hesabu yule anayeitwa bibi au babu na mjukuu anayeongea. Mganga mwenye ndevu za bandia usimwingize mpaka uone dalili nyingine ya umri. Kosa la pili ni kuhesabu muda wa kuonekana kana kwamba ni muda wa kuongea. Bibi anaweza kukaa mkekani dakika sita huku wengine wanamjadili, na zote sita hajafungua kinywa. Wahesabu wawe wawili, kila mmoja kivyake, halafu mlinganishe. Mkipishana zaidi ya mara moja katika kila kumi, ufafanuzi wenu una walakini, rudini mezani. Filamu zisipungue kumi, maana moja inaweza kukupotosha kabisa.

Mkishahesabu mtaona sura zilezile zinarudi: bibi mchawi, mama mkwe katili, babu anayehangaika na visichana ili watu wacheke, na mgonjwa wa kitandani. Huyu wa mwisho ananiuma kuliko wote. Anakohoa mara mbili, anamwita mwanawe mkubwa, anatoa hati ya shamba chini ya mto, anakata roho. Kazi yake yote kwenye filamu ilikuwa kufungua ugomvi wa mirathi. Hatukuambiwa alipenda nini wala alimkosea nani, na ile hati aliipataje.

Naomba mchango wa mafundi. Kila mtu aseme eneo lake.

#2 Poda_na_Gundi

Nianze na mapambo, kwa sababu hapo ndipo mzee wa uongo anapozaliwa. Produsa anamchukua kijana wa miaka 28, anammwagia poda ya mtoto kichwani, anamchorea mistari mitatu ya penseli nyeusi kwenye paji la uso. Matokeo yake yanajulikana: poda inadondoka mabegani kila akigeuka, kwenye nywele nyeusi inatoa rangi ya bluu ya majivu, na kufikia sini ya pili (kipande cha pili cha kisa kinachopigwa) jasho limeshaifanya uji.

Dawa ya kwanza ni kumtafuta mwigizaji mwenye umri wake. Ikishindikana, basi fanya hivi.

Mvi: tumia rangi ya krimu ya nywele, nyeupe iliyochanganywa na njano kidogo, upake kwa mswaki mkavu. Anzia kwenye panja na kidevuni, acha utosi uwe mweusi zaidi. Usisahau nyusi na vinyweleo vya mikono.

Makunyanzi: lateksi ya maji. Saa 24 kabla, paka tone moja upande wa ndani wa mkono. Pakiwasha au kuvimba, acha kabisa, kuna watu mwili wao unaikataa. Siku ya kazi safisha ngozi iwe kavu. Mtu wa pili anavuta ngozi ikaze, wewe unadonadoa kwa sponji tabaka jembamba, unakausha kwa upepo wa baridi, unapiga poda isiyo na rangi NDIPO mnaachia ngozi. Mkiachia kabla ya poda, mikunjo inagandana na kupasuka vibaya. Tabaka tatu zinatosha. Usiguse nyusi wala kope. Pindo za lateksi huanza kubanduka pembeni mwa mdomo na puani, na joto la Dar haliwasubiri, kwa hiyo picha za karibu zipigwe kwanza. Kubandua ni kwa maji ya vuguvugu na mafuta, taratibu.

Rangi ya kuinua mikunjo kwenye ngozi nyeusi isiwe nyeupe. Chukua rangi ya ngozi yake, panda ngazi moja au mbili tu, yenye uelekeo wa njano. Nyeupe inamfanya aonekane kapakwa majivu, na mtazamaji tayari ana jina la bibi aliyepakwa majivu.

Na shingo, jamani. Na viganja. Uso wa miaka 75 juu ya mikono ya miaka 25 kamera inauona papo hapo.

#3 Mnazi_Mmoja_K

Swali kwa fundi: na macho mekundu? Maana kila bibi mchawi lazima awe nayo.

#4 Poda_na_Gundi

Yanatengenezwa kwa penseli nyekundu kwenye ukingo wa ndani wa kope, wengine wanatumia lenzi za rangi. Usalama wake ni mdogo, lenzi haivaliwi bila kupimwa wala haipokezanwi kati ya waigizaji. Lakini swali lako nadhani ni zito kuliko penseli. Nawaachia watu wa afya.

#5 Kliniki_ya_Macho_Ziwa

Nalichukua hilo, na naomba msilipite haraka.

Macho mekundu kwa mwanamke mzee wa kijijini yana sababu zinazojulikana. Ya kwanza ni moshi. Sehemu nyingi za Usukumani kuni ni haba, watu wanapikia mabua na samadi kavu ya ng'ombe ndani ya jiko lisilo na dirisha. Mwanamke anayepika hivyo miaka hamsini, utando wa jicho unawaka na kubaki mwekundu. Ya pili ni vikope, yaani trakoma: maambukizi ya kurudiarudia yanatia kovu ndani ya kope mpaka nywele za kope zinageukia ndani na kukwaruza jicho kila anapopepesa. Kuna ukavu wa macho unaokuja na umri, kuna kinyama kinachoota kutoka pembeni kuelekea kwenye mboni. Mtoto wa jicho anafanya mboni iwe nyeupe. Na kuna duara la kijivu au bluu hafifu linalozunguka sehemu nyeusi ya jicho, ambalo wazee wengi wanalo na halihitaji hata matibabu.

Sasa linganisha na alichoandika #3. Hizo dalili zote filamu imezigeuza kuwa alama za uchawi. Na katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, Shinyanga, Mwanza, Simiyu, Geita, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga huku macho mekundu yakitajwa kama ushahidi. Magazeti yameandika kuhusu "mauaji ya vikongwe" kwa miaka mingi. Imani hiyo ilikuwepo kabla ya kamera, sisemi filamu ndiyo iliyoianzisha. Nasema kijana aliyeona macho hayo kwenye runinga mara mia, kila mara yakiwa na ngoma ya kutisha nyuma, akimkuta jirani yake nayo hana picha nyingine kichwani ya kumlinganisha.

Ombi la kiufundi: mhusika wako mzee akiwa na macho mekundu, onyesha jiko lake. Picha moja ya sekunde nne, moshi na mlango mmoja. Inatosha kumpa mtazamaji sababu.

#6 Taa_Tatu

Upande wa kamera. Yule bibi wa kutisha hutengenezwa kwa vitu vitatu: taa kutoka chini ya kidevu, lenzi pana ya milimita 18 au 24 iliyosogezwa chini ya nusu mita, na kamera kuachwa kwenye urefu wa mtu aliyesimama. Taa ya chini inageuza kila kunyanzi kuwa shimo. Lenzi pana kwa karibu inakuza pua na kurudisha masikio nyuma. Na kamera ya juu inamfanya aliyekaa chini awe mdogo kuliko alivyo.

Hilo la tatu wengi wanalifanya bila nia mbaya. Mwigizaji kijana amesimama, tripodi imepimwa kwake, kisha wanamgeukia bibi aliyekaa na hakuna anayeishusha. Macho ya mtu aliyekaa kwenye kigoda yapo kama sentimita 85 hadi 95 kutoka chini, mkekani ni karibu na 70. Shusha kamera mpaka hapo. Tumia lenzi ya 50 au 85, simama mita mbili. Taa iwe pana na laini, hata shuka jeupe lililotandazwa mbele ya dirisha linafaa, juu kidogo ya usawa wa macho, ili tone la mwanga lionekane kwenye mboni. Jicho lisilo na tone hilo linaonekana limekufa, na kwa mzee mwenye kope zilizolegea linapotea haraka sana.

Jasho lipanguswe kwa karatasi laini. Poda nyeupe juu ya ngozi nyeusi chini ya taa ni balaa.

#7 Produsa_Ilala

Naheshimu michango, lakini tuseme ukweli wa biashara. Siku moja ya seti ina sini 8 hadi 12. Mzee wa kweli anachoka, anasahau maneno, na watazamaji wananunua sura za vijana. Mchawi anauza. Mama mkwe anauza. Kumbukeni filamu za Kinijeria zilivyolijaza soko letu.

#8 Mkasi_wa_Mhariri

Mkuu, hoja ya soko naijibu kwa jina moja: mchekeshaji wetu Mzee Majuto. Alifariki Agosti 2018 akiwa na miaka 70, na mpaka mwisho uso wake ndio uliokuwa ukiuza jalada. Kenya walikuwa na Mzee Ojwang wa kipindi cha runinga cha Vitimbi, marehemu Benson Wanjau, na Mama Kayai. Watazamaji hawajawahi kumkataa mzee mwenye maneno ya kusema.

Kuhusu Nigeria, mwigizaji Patience Ozokwor alizaliwa 1958. Filamu zilizomfanya ajulikane huku kama mama mkwe katili ni za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hesabu mwenyewe: alikuwa katika miaka ya arobaini. Hadithi iliamua kuwa mwanamke wa umri huo ameshazeeka na ameshakuwa mbaya. Hilo ndilo binti wa miaka 20 analolibeba kuhusu mama yake, na baadaye kuhusu yeye mwenyewe.

#9 Mama_Ratiba

Produsa wa #7, uchovu na kusahau vinapangiwa ratiba, wala si siri. Mzee aitwe seti saa moja kabla ya sini yake, asiitwe alfajiri pamoja na kila mtu akaja kukaa kwenye jua hadi saa tisa. Sini zake zifuatane siku moja, asubuhi. Kila dakika 45 apumzike kwenye kiti chenye mgongo na mikono. Mikono ya kiti ndiyo inayomsaidia kunyanyuka. Choo kiwe karibu na kisiwe cha kuchuchumaa. Uliza dawa anazotumia na saa za kula, hasa mwenye kisukari, uviandike kwenye karatasi ya ratiba ya siku mtu asije akamcheleweshea chakula kwa sababu mwanga ni mzuri.

Maneno: mpe muswada wiki mbili kabla, kwa herufi kubwa, saizi 16 au 18. Wanaosahau mara nyingi ni waliopewa karatasi asubuhi ileile, tena iliyofifia. Asipoona vizuri, mrekodie sauti kwenye simu asikilize. Sini ndefu igawe vipande vya mistari minne minne. Mshike mkono kumwonyesha alama ya kusimama, usimpigie kelele kutoka nyuma ya kamera, maana kama sikio moja limepungua atageukia upande usio sahihi.

Na malipo yasiwe "nauli ya mzee".

#10 Fizio_wa_Viungo

Kwa vijana wanaolazimika kuigiza wazee: acheni kuinama kama mtu anayetafuta sindano. Mzee mwenye afya hatembei hivyo. Hatua zake ni fupi, miguu imeachana kidogo zaidi, mikono haipepei sana, na akigeuka anageuka kwa hatua tatu nne ndogo badala ya kuzunguka kwa kisigino.

Mkongojo unashikwa mkono ULIO KINYUME na mguu mbovu, unatangulia pamoja na mguu huo. Urefu wake ufike kwenye kifundo cha mkono, mkono ukining'inia. Kwenye filamu nyingi anaushika upande uleule wa mguu mbovu, na sini inayofuata umehama mkono. Mtu wa kontinuiti, yaani anayehakikisha sini moja inalingana na nyingine, aandike.

Kunyanyuka: anasogeza makalio mbele, anarudisha nyayo nyuma, anainama mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo anasukuma kwa mikono. Fanya hivyo polepole na hutahitaji kusema "aah mgongo".

Sauti isitetemeke kila neno. Fupisha pumzi tu, pumzika katikati ya sentensi. Na mhariri asiukate huo upumuaji.

#11 Mwanahabari_Eldy

Kutoka Kenya, nimefuata huu uzi tangu juu na naona mfano mmoja haujatajwa. Kimani Ng'ang'a Maruge alijiandikisha darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, baada ya serikali kuondoa karo ya shule za msingi 2003. Mwaka 2005 alienda New York kuhutubia Umoja wa Mataifa, akafariki 2009. Filamu kumhusu, *The First Grader*, ilitoka 2010, na Oliver Litondo ndiye aliyemwigiza.

Itazameni kwa kipimo cha #1. Kisa kizima kinaendeshwa na anachokitaka mzee: kujua kusoma. Ana hasira, ana kumbukumbu za Mau Mau, anakosea, anabishana. Akiambiwa lazima avae sare, anakata suruali yake iwe kaptula. Kitendo hicho kimoja cha mikono kinasema mengi kuliko hotuba.

Kwetu hili ni suala la sheria pia. Ibara ya 57 ya Katiba ya 2010 inataka wazee washiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, wajiendeleze, waishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Na Kilifi wazee wa kiume wameuawa kwa tuhuma za uchawi, mvi zikiwa ndizo zinawaponza, wengine wakakimbilia kituo cha hifadhi cha Kaya Godoma. Kuna waliokuwa wakipaka nywele rangi nyeusi ili wasishukiwe. Mpambaji anayemwaga poda kichwani mwa mganga akumbuke hilo.

#12 Muuguzi_Kumbukumbu

Nimesubiri mtu aguse sini ya "bibi kaanguka na ungo". Mnaijua: alfajiri, watu wamemzunguka mwanamke mzee, yuko nusu uchi, hajui alipo, anajibu mambo yasiyoeleweka. Filamu inatuambia alikuwa angani usiku, dawa zikamwishia.

Hebu somea dalili hizo kliniki. Ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu unafanya mtu achanganyikiwe zaidi jua likizama. Anatoka kutafuta nyumba ya wazazi wake waliokufa zamani. Anavua nguo kwa sababu amesahau zinavyofungwa, au amehisi joto. Anaingia uani mwa mtu akidhani ni kwake. Kuna pia mkanganyiko wa ghafla, wa saa au siku chache, unaoletwa na maambukizi ya mkojo, malaria, homa ya mapafu, kuishiwa maji au dawa. Huo mara nyingi unatibika ukishughulikiwa mapema. Kila saa inayotumika kumhoji bibi "wenzako wako wapi" inamcheleweshea matibabu.

Ukitaka kuandika sini hii kwa ukweli: mmoja kwenye umati amfunike khanga. Aongee kwa sentensi fupi, akiwa mbele yake, usawa wa macho. Asimbishie. Ampe maji, aulize ana homa tangu lini, apelekwe kituo cha afya. Na kumtangaza mtu kuwa mchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, kwa hiyo hata mwenyekiti wa kijiji wa kwenye muswada ana la kufanya zaidi ya kukunja uso.

#13 Bint_Forodhani

Nami niongeze la lugha, kwani naona limesahauliwa. "Mzee" ni neno la heshima, tunampa hata kijana mwenye cheo. "Kizee" na "kikongwe" yamevaa kiambishi cha vitu. Mwandishi akishaandika KIZEE pembeni mwa muswada, mwigizaji, mpambaji na mpiga taa wote wamekwishapewa maelekezo, hapana atakayemtendea huyo kama mtu mwenye hishima yake. Mwandikeni jina na umri: BI ZUHURA, 68.

Na kama mnataka kuona bibi anayeachwa awe mwenyewe, tazameni *As Old As My Tongue* ya 2006 kuhusu Bi Kidude. Yumo na sigara yake na ngoma yake, anacheka, anafoka, anafundisha. Kamera haikumuonea huruma hata kidogo.

#14 Takwimu_Tu

Kwa mwenye kuhitaji namba za kumshawishi mfadhili: Machi 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti ikisema mtu mmoja katika kila wawili duniani ana mtazamo wa kuwabagua watu kwa umri. Na utafiti wa Becca Levy na wenzake, 2002, uliwafuatilia watu 660 wa miaka 50 na kuendelea katika mji mmoja wa Ohio, Marekani. Waliouona uzee wao kwa mtazamo mzuri waliishi wastani wa miaka 7.5 zaidi ya wenye mtazamo mbaya, hata baada ya kuzingatia umri, jinsia, kipato na afya. Haithibitishi kwamba filamu inaua au inaponya. Inaonyesha kwamba picha ya uzee anayoibeba mtu tangu ujana ina uzito mwilini mwake.

#15 Produsa_Ilala

Nimesoma yote. Mkasi, weka mfano wa ukurasa mmoja tuone. Kabla na baada.

#16 Mkasi_wa_Mhariri

Haya mkuu.

KABLA:
*KIZEE (sauti ikitetemeka): Marahaba mjukuu wangu. Baba yako alirogwa. Nenda kwa mganga.*

BAADA:
*NDANI. SEBULE YA BI MWAJABU. ASUBUHI.*
*BI MWAJABU, 71, yuko mkekani, anapepeta mchele kwenye ungo. SUDI, 24, anaingia.*
*SUDI: Shikamoo bibi.*
*BI MWAJABU: Marahaba. Vua viatu, mkeka umefuliwa. (anaendelea kupepeta) Ile laki mbili ya Januari imerudi elfu sitini.*
*SUDI: Bibi, biashara imekuwa ngumu.*
*BI MWAJABU: Nipe daftari hilo.*
*Analisogeza mbali, mkono umenyooka, mpaka herufi zionekane. Anasoma. Kimya.*
*BI MWAJABU: Hujaandika mafuta. Mwezi mzima hujaandika mafuta hata siku moja. Boda inaendeshwa kwa maji?*

Kamera sentimita 70 kutoka chini, lenzi 50. Macho yasipakwe kitu. Ule mkono ulionyooka ndio umri wake, usiongeze mwingine. Ungo ubaki ndani ya fremu mpaka Sudi atoke.